Mwulize Mwalimu: Nani Anunue Kashata?

Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu hapa Korogwe tumebishana hadi kahawa ikapoa. Mmoja anasema Roma ya kale ilikuwa ya Kaisari, mtu mmoja, basi. Mwingine anasema Warumi walifanya uchaguzi kila mwaka. Atakayeshindwa anawanunulia wote kashata. Tuamulie, na utueleze walichagua watu wa vyeo gani. – Msomaji, Korogwe

Marahaba. Huyo wa Kaisari atoe hela.

Kwa masimulizi yao wenyewe, Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 KK. Julius Kaisari aliuawa mwaka 44 KK. Hapo katikati ni zaidi ya miaka 400 ya kuchagua viongozi, na karibu kila cheo kilikuwa cha mwaka mmoja. Hata chini ya Augusto, mrithi wa Kaisari, kura ziliendelea kupigwa, ingawa kwa kumtazama mkubwa usoni. Mwaka 14 BK, Tiberio alipotawala, uchaguzi ukahamishiwa ndani ya Seneti, baraza la wakubwa.

Kwa vile walishaumwa na mfalme, hawakutaka cheo kikae mikononi mwa mtu mmoja. Juu kabisa waliweka makonsuli wawili wenye mamlaka sawa, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake. Nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu nililijaribu hilo darasani: viranja wawili wa usafi, kila mmoja na haki ya kusema "nakataza". Kufika wiki ya pili darasa lilikuwa halijafagiliwa hata mara moja, na mkuu wa shule hakuona cha kuchekesha. Nilisahau dawa ya Warumi. Wao makonsuli walipokezana uongozi mwezi kwa mwezi.

Ukonsuli haukurukiwa. Ulianza na ukwestori, kazi ya kutunza fedha, kisha upretori, ambao hasa ulikuwa wa mahakama. Baada ya mageuzi ya dikteta Sulla mwaka 81 KK, kwestori alitakiwa awe ametimiza miaka 30, na konsuli 42. Mfano wangu siku zote ni Cicero, kijana wa mji mdogo wa Arpinum ambaye kwao hakuna aliyewahi kushika cheo Roma. Alipanda ngazi zote, kila moja kwa umri wa chini unaoruhusiwa, akawa konsuli mwaka 63 KK.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mwanzo kabisa. Mwaka 75 KK alikuwa kwestori kisiwani Sisilia, akapeleka Roma ngano nyingi wakati wa uhaba. Akarudi kifua mbele, akiamini mji mzima unamzungumzia yeye. Aliposhuka bandari ya Puteoli, huko Italia, mtu akamuuliza ametoka Roma lini na kuna habari gani huko. Akajibu kwamba anatoka mkoani. "Ahaa, Afrika, siyo?" (Afrika yao hiyo ni pande za Tunisia.) Cicero, kwa hasira: "Sisilia!" Mjuaji mmoja akadakia, akamwambia yule wa kwanza: kwani hujui huyu alikuwa kwestori wa Sirakusa? Na Cicero alikuwa Lilybaeum, upande wa pili wa kisiwa! Alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Akasema tangu siku ile alijua kwamba Warumi masikio yao ni mazito ila macho makali, kwa hiyo akakata shauri waonane naye kila siku, pale pale mjini.

Sasa edili. Huyu ndiye angewafaa ninyi wa kijiweni: masoko, barabara, maji, mizani ya wafanyabiashara na sherehe za mji. Walikuwa wanne. Mshahara? Hakuna, kwa cheo chochote. Sherehe nazo zilitaka fedha za mfukoni, na wenye tamaa ya kupanda hawakubana. Kaisari alipokuwa edili mwaka 65 KK alileta jozi 320 za wapiganaji wa upanga. Mwenzake Bibulus alichangia gharama, sifa zote akazichukua Kaisari. Tena kwa deni. Sheria dhidi ya rushwa ya uchaguzi zilitungwa moja baada ya nyingine, jambo linalokuonyesha zilivyoheshimiwa. Mwaka 54 KK wagombea walikopa sana za kugawia wapiga kura hata riba mjini Roma ikapanda maradufu. Sisi tulikuwa na neno letu, takrima. Wao waliweka hata mawakala wa kugawa hizo fedha.

Mgombea alivaa joho lililopakwa chaki liwe jeupe pe. Nimeishi na chaki miaka 31, sijawahi kuombwa nigombee chochote. Pembeni alitembea na mtumwa wa kumnong'oneza majina ya watu, ili akusalimie kana kwamba mmekua pamoja.

Mwambie na yule mshindi asivimbe kichwa. Makonsuli hawakuchaguliwa kwa kuhesabu vichwa. Watu waligawanywa katika makundi 193 kwa utajiri wao, kila kundi kura moja. Matajiri walianza, na mtu akifikisha makundi 97 amepita. Maskini wote wasio na mali walisongamana katika kundi moja, na mara nyingi zamu yao haikufika. Ndiyo maana makabwela walikuwa na watetezi wao, matribuni kumi, waliowachagua wenyewe. Tribuni aliweza kusimamisha hata amri ya konsuli, mlango wake haukufungwa usiku wala mchana, na hakuruhusiwa kulala nje ya mji.

Mwalimu, wanawake wa Kirumi walipiga kura? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Unguja

Hapana, wala hawakugombea. Lakini wapo ukutani. Mji wa Pompeii ulipofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK, matangazo ya uchaguzi wa viongozi wa mji yalibaki yamepakwa rangi kwenye kuta, zaidi ya 2,500, na baadhi yana majina ya wanawake wakiwaombea wagombea kura. Kuna yanayomwombea mtu aitwaye Vatia cheo cha edili: moja linasema anaungwa mkono na wanywaji wa usiku wa manane, jingine na vibaka, jingine na wanaolala. Nadhani aliyeyaandika hakuwa rafiki yake.

Nimesikia kuna aliyekuwa konsuli kwa nusu siku. Kweli? – Msomaji, Mwanza

Kweli. Tarehe 31 Desemba mwaka 45 KK konsuli mmoja alifariki asubuhi, na mchana Kaisari akasimamia uchaguzi wa Caninius Rebilus amalizie muhula. Cicero akamwandikia rafiki yake kwamba chini ya konsuli huyu hakuna aliyekula chakula cha mchana, wala hakukutokea uhalifu wowote, kwani alikuwa macho kiasi kwamba katika muhula wake wote hakupata usingizi.