Fundi Rangi Asikupigie Bei kwa Macho

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, fundi ameangalia nyumba yangu, vyumba vitatu na sebule, anasema nimpe milioni moja na nusu amalize kila kitu. Nimpe?" Hilo neno "ameangalia" nililisoma mara mbili. Mimi pia niliangaliziwa hivyohivyo.

Mwaka 2021 tulihamia Chanika, nyumba yetu wenyewe baada ya miaka tisa ya kupanga. Wenye kujenga mnaijua hali hiyo, fedha zimebaki za kuhesabu na kila siku kuna fundi mlangoni. Wa rangi nililetewa na jirani. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akazungusha macho ukutani, kisha akasema, "Mama, hapa milioni moja na laki nne, rangi na ufundi, wewe ukae tu." Nikamkata laki mbili, akakubali haraka mno, na mimi nikajiona mjanja. Siku hiyohiyo nikampa laki saba mkononi, bila hata karatasi.

Rangi alinunua yeye. Ndoo zilifika zimeshafunguliwa. Jioni binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne, akaniambia, "Mama, fundi anatia maji majagi mengi." Nikamnyamazisha, nikamwambia aache kazi za wakubwa. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko zile fedha.

Nyumba ilipendeza wiki sita. Kisha tukafanya dua ya kuhamia, mama yangu akaja kutoka Tanga, akakaa mkekani akaegemea ukuta wa sebule. Aliposimama, mgongo mzima wa baibui lake jeusi ulikuwa umejaa unga wa rangi ya maziwa, na ukutani umbo la mabega yake limebaki wazi. Wageni wote waliona. Mama hakusema neno, alijipangusa polepole kwa kiganja. Fundi nilimpigia usiku ule na siku tatu zilizofuata, simu haikupatikana tena.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Ndani ya rangi ya maji kuna gundi, nayo ndiyo inayoushika unga wa rangi ukutani. Ukizidisha maji, gundi inakuwa nyepesi, na yakishakauka unabaki na unga mtupu. Ndoo nyingi zimeandikwa kipimo cha maji, mara nyingi kama sehemu moja ya maji kwa kumi za rangi. Juu ya hapo, vumbi la msasa baada ya kupiga skimu, ile lipu nyembamba ya kulainisha ukuta, halikufutwa, kwa hiyo hata kile kidogo kilichoshika kilishika vumbi.

Mwaka huu kabla ya Idi nikasema narudia, na safari hii kwa hesabu. Binti yangu alishika ncha ya tepu, mimi nikaandika. Chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zina kimo cha mita 3: mzunguko ni mita 14, mara 3 unapata mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Rangi ya maji iliyo nzuri, juu ya ukuta laini, lita moja inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja, yaani kupaka mara moja. Koti mbili ni lita 7 au 8. Vyumba viwili vya namna hiyo na sebule yangu havikufika lita 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4, na akiba juu. Fundi wa kwanza kuja safari hii aliandika ndoo nne! Nilimwonyesha daftari, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka getini.

Aliyepata kazi ni kijana wa Gongo la Mboto. Kabla hajataja bei alipitisha kiganja ukutani, akanionyesha kilivyokuwa cheupe. "Hapa rangi haitashika, mama. Tukwangue kwanza." Alikwangua na kufuta kwa kitambaa kibichi siku mbili nzima, akapiga praima, ile rangi ya chini ya kuishikisha rangi yenyewe, ndipo rangi ikafunguliwa mbele ya macho yangu. Vifaa nilinunua mwenyewe. Ufundi tulikubaliana 380,000, na tukaandika: laki moja baada ya praima, laki moja na nusu baada ya koti ya kwanza, iliyobaki baada ya ukaguzi. Ukaguzi nilifanya usiku, taa ya simu nimeilaza ubavuni mwa ukuta. Kila kinundu kinatoa kivuli. Alirudia sehemu mbili bila kununa, nikammalizia fedha yake palepale.

Ndugu zangu, pimeni kuta zenu. Kupima hakumdharau fundi, fundi mwenye kazi nzuri anafurahi kukutana na mtu mwenye vipimo. Na hili nalisema kwa uchungu: msiukate ufundi mpaka mtu ashindwe kula. Zile laki mbili nilizomkata yule fundi wa 2021 alizifidia kwenye ndoo, kwa maji. Tenganisheni ufundi na vifaa, pimeni, andikeni. Plasta mpya iacheni ikauke mwezi mzima, na kama masika imeshaanza, subirini. Halafu pimeni tena.

Dada wa Morogoro, usimpe bado. Mwambie akutajie ufundi peke yake, na akuambie ni koti ngapi na ukuta ataandaaje. Leo jioni tafuta tepu, pima vyumba vyote vitatu na sebule, milango na madirisha pia, andika kwenye karatasi, ipige picha unitumie. Tutapiga hesabu mimi na wewe kabla hajarudi kuulizia jibu.