Kuzunguka Italia kwa gari la kukodi: chukua mikoa miwili, siyo mitano

Dada, umeuliza kama siku nane za mwezi wa tano zinawatosha wewe na mumeo kushuka Roma, mkodi gari, mpite Amalfi, Toscana, Venezia na milima ya Dolomiti, kisha mrudi Roma. Kuendesha zinatosha. Kuona, hazitoshi. Safari yangu ya kwanza niliipanga hivyohivyo, na ninachokumbuka zaidi ni malori ya barabara kuu ya A1 na vibanda vya kulipia. Mara ya pili mimi na mke wangu tulichukua mikoa miwili inayopakana, Toscana na Umbria. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia nyumbani mpaka leo.

Gari usilichukulie Roma. Pandeni treni ya kasi mpaka Firenze, mji mkuu wa Toscana, kama saa moja na nusu hivi, muutembee mji kwa miguu siku mbili. Siku ya kuondoka ndipo mpande tramu hadi uwanja wa ndege wa Peretola mkachukue gari huko, nje ya mji.

Nasisitiza hili kwa sababu ya ZTL, yaani maeneo ya katikati ya mji ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia. Hakuna geti wala askari, ni kamera tu inayopiga picha namba ya gari. Mimi niliifuata ramani ya simu nikitafuta hoteli, nikaingia, nikapotea, nikatoka, nikaingia tena. Miezi ilipita. Kwanza kampuni iliyonikodishia gari ikanikata ada kwa kuwapa wenye mji jina langu, halafu zikaja faini mbili, maana wakati huo kila ukipita kamera lilihesabiwa kosa jipya. Angalia duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na ubao wa taa ulioandikwa "varco attivo". Maana yake kamera inafanya kazi, usipite. Kama hoteli yenu iko ndani ya eneo hilo, waulize mapema kama wanaweza kuwasajilia namba ya gari.

Kabla ya kuondoka nyumbani, chukua leseni ya kimataifa, utembee nayo pamoja na ya kwako ya kawaida. Kadi ya mkopo ya kuzuia amana iwe na jina la dereva mwenyewe. Kama hujazoea gia za mkono, wahi kuagiza otomatiki, ni chache na bei iko juu.

Kuendesha upande wa kulia utazoea mapema kuliko unavyofikiri, na kwenye kipilefti magari mengine yatakuongoza. Hatari iko pale barabara ikiwa tupu. Siku ya tatu nilitoka sheli baada ya chakula cha mchana, hakuna gari hata moja, mkono ukanipeleka kushoto wenyewe. Mke wangu alinishika bega kwa nguvu. Tangu siku hiyo, kila tunapotoka mahali tumesimama, yeye hutamka "kulia" kwa sauti kabla sijaondoa gari. Fanyeni hivyo.

Sasa njia yenyewe. Firenze hadi Siena msipite barabara ya haraka, shikeni barabara ya SR222, iitwayo Chiantigiana, inayopita Greve, Panzano na Castellina katikati ya mizabibu. Ni kilomita kama 70 lakini itengeeni nusu siku. Siena laleni nje ya kuta. Kutoka hapo SR2 inashuka hadi San Quirico d'Orcia, kisha mnaingia SP146 kwenda Pienza na Montepulciano. Hapa ndipo pa kukaa, angalau usiku tatu. Tulitoka alfajiri, ukungu umejaa mabondeni, vilele vya vilima na misonobari miembamba vikichomoza kama visiwa. Ngano ya mwezi wa tano bado ni ya kijani na imechanganyika na maua mekundu. Tulisimama tukitazama kanisa dogo la Vitaleta mpaka jua likauondoa ukungu wote. Pienza nunueni jibini ya kondoo iliyoivishwa ndani ya majani ya mti wa jozi, na mkate, mle njiani. Chakula cha mchana msichelewe, maana mikahawa mingi hufunga jiko kama saa nane na nusu.

Umbria ni karibu tu kupitia Ziwa Trasimeno. Perugia acheni gari kwenye maegesho ya Pian di Massiano, mpande kitreni cha Minimetrò hadi katikati ya mji. Orvieto liacheni chini kwenye kituo cha treni, mpande treni ya kamba hadi juu ya jabali. Asubuhi ya mwisho A1 itawafikisha Roma, gari mkalirudishe uwanja wa ndege wa Fiumicino bila kugusa katikati ya jiji. Kurudishia gari mji mwingine kuna ada ya ziada, kwa hiyo unapolinganisha bei za kampuni ijumlishe tangu mwanzo.