Uliza barafu imekalia nini

Mwanangu Subira,

Waalaikumu salaam. Unasema mwenzako kazini amekubana: kama dunia inapata joto kweli, mbona barafu ya Aktiki ilikuwa ikipungua na ya Antaktika ikizidi? Unataka jawabu la kumnyamazisha. La kunyamazisha watu sina, jambo lenyewe ndilo ninalo.

Unanijua kwa neno langu: kabla hujauliza barafu ni kiasi gani, uliza imekalia nini. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Kaskazini barafu inaelea, imebanwa baina ya Urusi, Kanada na Greenland, na zamani ilidumu miaka ikizidi unene. Ikipungua, ule weupe uliokuwa ukilirudisha jua unaondoka, maji meusi yanafyonza joto, na joto linayeyusha iliyobaki. Septemba 2012 zilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4, uchache usiopata kuonekana tangu setilaiti zianze kupima 1979.

Kusini barafu ya baharini haina pwani ya kuizuia. Pepo huitawanya, na nyingi huyeyuka kila kiangazi cha huko. Tena yapo maji ya kale yanayopanda kutoka vilindini, yaliyozama kabla ya viwanda kuanza. Hayo yaliichelewesha hari. Basi 2014, mwisho wa baridi ya huko, ikavuka kilomita za mraba milioni 20, na mwenzako naona aliachia kusoma hapo. 2016 iliporomoka, na Februari 2023, mwisho wa kiangazi cha huko, wakati huwa chache kila mwaka, ikashuka chini ya milioni 2.

Hayo ya kuelea ndiyo yaliyonitia maneno na yule mgeni. Unalikumbuka bonde la babu yako, maji makuu ya bamvua yalipobomoa tuta, mpunga ukakauka ungali na mimba. Akaja mtu na viatu vyake vyeupe, akasimama juu ya tuta, akatwambia barafu ya Aktiki inayoelea ndiyo ikiyeyuka inaijaza bahari yetu. Nikamwambia, bwana, chukua mapande ya barafu ya wachuuzi wa samaki, yatie ndooni yaelee, piga alama maji yalipofika. Yakiyeyuka, maji hayapiti alama. Akanijibu, "Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu." Watu wakacheka. Babako naye, Mungu amrehemu, akacheka, na hilo mpaka leo sijalimeza. Mie niliyesomesha jiografia umri wangu wote!

Akasema pia tumejitakia wenyewe kwa kukata mikandaa, miti ya kuikinga pwani. Hapo sina pa kumshika. Boriti za nyumba ya shangazi yako zilitoka wapi? Wala sisemi kaskazini hakutuhusu. Greenland iko huko, na barafu yake imekalia nchi kavu: ikiyeyuka yote, bahari itapanda kama mita 7. Na bahari yenyewe ikipata joto hutanuka. Lakini hayo yeye hakuyasema, alisema inayoelea.

Ya kuiogopa hasa ni ile ya Antaktika iliyo juu ya ardhi, unene wake kwa wastani kama kilomita 2. Inatosha kuinua bahari kiasi cha mita 58, na upande wa magharibi maji ya uvuguvugu yanaila kwa chini. Haitakwisha yote sisi tukiwa hai, wala wajukuu zako. Ila tuta letu halingoji mita 58, futi moja latosha.

Sasa kaka yako Hamadi anataka bonde liuzwe, na wewe unataka tuta liinuliwe na mikandaa ipandwe upya. Mnanivuta huku na huku niseme. Neno ninalo, limenijaa kinywani, lakini urithi ni wenu. Njoo ulitazame kwanza kabla hamjagombana, na usije maji mafu ukaliona zuri. Njoo bamvua, mwezi ukiandama.

Mamako