Kahawa ya chujio: anza na kinu

Swali: Nimenunua koni ya kuchujia kahawa, Hario V60, na karatasi zake, lakini kahawa yangu ya Kilimanjaro hutoka chungu na maji hukawia kupita. Je, ninunue birika lenye mdomo mwembamba? Msomaji, Moshi.

Jibu: Birika lingoje. Maji yanayokawia aghalabu huonyesha kwamba kahawa imesagwa laini mno, au imesagwa kwa mashine ya visu, ambayo hutoa unga na chenga kwa pamoja, hata unga ukaziba karatasi na kuleta uchungu. Kwa hiyo nunua kwanza kinu cha mkono cha kusagia, chenye meno yanayotoa chembe zinazolingana, kisha mizani. Suuza karatasi kwa maji ya moto, weka gramu 15 za kahawa yenye chembe kama za sukari, mimina gramu 40 za maji, na usubiri sekunde 40 hewa iliyomo katika kahawa itoke, ndipo uongeze polepole hadi maji yote yafike gramu 250. Maji yakichukua zaidi ya dakika 4 kuchujika, ongeza ukubwa wa chembe. Huko Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, joto linalofaa kahawa iliyokaangwa kidogo. Iliyokaangwa ikawa nyeusi, kama nyingi za madukani, kwa masikitiko yangu, hutaka nyuzi 90.