Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Zeze na Spika za Harusini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Kamati ya mtaa wetu imemwalika mzee mmoja wa upande wa Sikonge, manju wa siku nyingi aimbaye kwa zeze, aje atuimbie Jumamosi jioni katika ukumbi unaochukua watu wapatao mia moja. Vijana wa kamati wamekwisha kuzungumza na mwenye mitambo ya muziki wa harusini ili alete spika nne kubwa. Mzee alipopata habari alicheka, akauliza kama amealikwa kuimbia mji mzima. Je, tumsikilize nani? Na watakaotaka kumrekodi kwa simu tuwaruhusu?
Msomaji, Ng'ambo, Tabora.

JIBU: Marahaba. Msikilizeni mzee, ingawa si katika kila jambo.

Zeze la Kinyamwezi, lile la kipande cha mti chenye nyuzi zilizokazwa juu yake na kibuyu kilichofungwa chini, halipigwi kwa vidole peke yake. Mpigaji hukiegemeza kifuani mdomo wa kile kibuyu, kisha hukisogeza mbele kidogo na kukirudisha, na kwa kufanya hivyo sauti hufunguka na kufunga kama mtu anayesema huku akiziba na kuzibua kinywa kwa kiganja. Kifua cha mpigaji, kwa hiyo, ni sehemu ya ala. Mkikibana kipaza sauti karibu kabisa na nyuzi, kitakachotoka katika spika nne ni mdundo wa ukucha juu ya waya, na ule mnong'ono wa kibuyu, ambao ndio utamu wenyewe, hautasikika hata na aliyeketi mstari wa kwanza. Nasema haya nikijua kwamba mji uliolea bendi ya Tabora Jazz hauogopi spika. Lakini gitaa la umeme limeundwa kwa ajili ya spika, na zeze limeundwa kwa ajili ya watu walioketi karibu.

Hata hivyo, sauti ya mtu aliyevuka miaka sabini haina nguvu ya ujanani, nanyi hamtaki akwaruze koo kwa kulazimika kupaza mbele ya watu mia. Chukueni spika mbili ndogo na kipaza sauti kimoja, kiwekwe umbali wa kama mkono mmoja kutoka kinywani, ili kichukue uimbaji na zeze kwa pamoja. Spika zikae mbele ya mwimbaji zikiwaelekea wasikilizaji, kwa sababu zikiwa nyuma yake sauti itarudi katika kipaza sauti na mtambo utapiga mluzi. Mwambieni fundi mitambo mapema, tena kwa upole maana mafundi hawa hawapendi kufundishwa kazi, kwamba mwangwi ule wanaoutia katika sauti za washereheshaji hautakiwi kabisa.

Ukumbi wenu bila shaka una kuta za saruji na paa la bati, na sauti hugonga humo ikarudi. Ombeni kina mama mazulia na mapazia mazito, myatundike ukuta wa nyuma. Tena mjue kuwa ukumbi ukijaa, miili na nguo za watu hupunguza mwangwi, kwa hiyo msihukumu sauti kwa jaribio la mchana wakati viti vitupu. Viti navyo visipangwe kama vya mkutano wa hadhara. Vipangeni nusu duara, kwa kuwa manju huanzisha na watu huitikia, na msikilizaji aliye mbali huona haya kuitikia.

Kuhusu kurekodi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwimbaji haki ya kukubali au kukataa uimbaji wake uwekwe katika kanda au chombo kingine, na umri wa nyimbo haumwondolei haki hiyo. Muulizeni kabla ya siku yenyewe, mbele ya mtu wa familia yake: nyimbo zipi alizitunga mwenyewe, zipi alizirithi kwa wazee wake, na zipi hapendi zitoke nje ya ukumbi. Akikubali, arekodi mtu mmoja kwa chombo kizuri na mzee apewe nakala ya kwanza. Wengine waombwe simu zikae mfukoni. Simu thelathini zilizoinuliwa humziba manju nyuso za waitikiaji wake, na kwa mtu anayeimba kwa kutazama nani ameelewa fumbo na nani hajaelewa, hilo ni sawa na kumzimia taa.

Mwisho, msimwekee kiti cha plastiki chenye mikono, kwa kuwa viwiko vitakwama na kibuyu hakitapata nafasi ya kusogea. Tafuteni kigoda, na kando yake maji ya uvuguvugu badala ya soda ya baridi.