Maswali ya Wasomaji: Alec Guinness, Mwigizaji Aliyeanzia Miguuni

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitazama The Bridge on the River Kwai pamoja na rafiki yangu, naye akadai kwamba yule Kanali mkaidi wa Kiingereza ndiye mzee mwenye ndevu, Obi-Wan Kenobi, katika Star Wars. Nimezirudia filamu zote mbili na sikuona chochote kinachofanana. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, aliwezaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako hakukosea. Huyo ni mtu mmoja, Alec Guinness, aliyezaliwa London tarehe 2 Aprili 1914 na kufariki tarehe 5 Agosti 2000 akiwa na umri wa miaka 86. Filamu ya kwanza ni ya mwaka 1957 na ya pili ni ya 1977, kwa hiyo miaka 20 iliyopita katikati ina sehemu yake katika kukupoteza. Hata hivyo, sababu kubwa ni kwamba mwenyewe hakutaka umtambue. Alikuwa na uso wa kawaida mno, wa mtu unayeweza kukaa naye basi moja kutoka Tanga hadi Korogwe na ukishuka usimkumbuke, na akaufanya ukawaida huo kuwa mtaji wake.

Waigizaji wengi huanza na maneno ya mhusika. Guinness alianza na miguu. Alikuwa akisema kwamba hawezi kumpata mhusika mpaka ajue anavyotembea. Irudie ile sehemu ya River Kwai ambapo Kanali Nicholson, yule mkaidi wako aliye mateka wa Wajapani, baada ya kufungiwa ndani ya kijumba cha mabati kwenye jua kali, anatolewa na kuvuka uwanja kwenda kumkabili kamanda wa Kijapani. Anajikaza atembee kiofisa, kifua mbele, lakini miguu haimtii. Mwendo huo aliuchukua nyumbani kwake. Mwanawe, Matthew, alipatwa na polio akiwa mtoto wa miaka 11, na baba akamtazama akijifunza kutembea upya. Guinness aliihesabu sehemu hiyo fupi kuwa miongoni mwa kazi bora za maisha yake, ingawa jukumu lenyewe alilikataa kwanza na akagombana sana na mwongozaji, David Lean, wakati wa kupiga picha kule Ceylon (Sri Lanka ya leo). Filamu ilipata tuzo 7 za Oscar, moja ikiwa yake.

Njia ya kufika hapo haikuwa nyepesi. Katika cheti chake cha kuzaliwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi. Akiwa kijana aliandika matangazo katika kampuni ya matangazo ya biashara huku akilitamani jukwaa, na mwigizaji Martita Hunt, aliyemwendea kwa mafunzo, alimwambia waziwazi kwamba hatafika popote. (Miaka michache baadaye huyo huyo Bi. Hunt aliigiza katika tamthilia ambayo Guinness mwenyewe aliiandika kutokana na riwaya ya Dickens, Great Expectations. Sijui walisalimianaje siku ya kwanza ya mazoezi.) Aliyemfungulia mlango ni mwigizaji mashuhuri John Gielgud, aliyempa nafasi ndogo katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1934. Ilipofika 1938, Guinness alikuwa Hamlet mwenyewe katika ukumbi wa Old Vic, London, akiwa na miaka 24, wote jukwaani wakiwa wamevaa nguo za kisasa za wakati huo, si za kale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ofisa wa jeshi la majini na aliongoza chombo cha kushushia askari pwani katika uvamizi wa Sicily, 1943.

Ukitaka kumwona akijificha mbele ya macho yako, tafuta Kind Hearts and Coronets ya 1949. Humo yeye peke yake ni watu 8 wa ukoo mmoja, mwanamke akiwamo. Katika picha moja ya kanisani 6 kati yao wanaonekana kwa pamoja: kamera ilikazwa isisogee hata kidogo, ukanda wa filamu ukarudishwa nyuma mara kwa mara, naye kila mara akaenda kubadilishwa uso na mavazi.

Nisimsifu kupita kiasi. Pua ya bandia aliyovaa kama Fagin, Myahudi mwovu katika Oliver Twist, 1948, iliwaudhi sana Wayahudi, na filamu haikuonyeshwa Marekani mpaka 1951, tena ikiwa imekatwa. Alipopakwa rangi awe Amiri Faisal katika Lawrence of Arabia, na baadaye Mhindi katika A Passage to India ya 1984, mimi naona kipaji kimevuka mpaka wake. Nalo jukwaa halikumhurumia siku zote: Hamlet yake ya 1951, aliyoiongoza mwenyewe, ilianguka vibaya.

SWALI: Je, ni kweli kwamba aliichukia Star Wars? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Maneno aliyopewa kuyasema aliyadharau, na aliwaandikia hivyo marafiki zake. Fedha zake hakuzidharau, maana alikubaliana kupata asilimia 2.25 ya sehemu ya mapato iliyomwangukia George Lucas, mwongozaji wa filamu hiyo, fungu lililomtajirisha katika uzee kuliko kazi zake zote za Shakespeare. Kilichomchosha ni mapenzi ya watazamaji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 anasimulia juu ya mtoto mmoja huko San Francisco aliyejigamba kwamba ameitazama filamu hiyo zaidi ya mara 100. Guinness alimwomba amfanyie jambo moja, na mtoto akakubali kwa furaha. Ombi lenyewe lilikuwa kwamba asiitazame tena maisha yake yote. Mtoto aliangua kilio, na mama yake, kwa hasira, akamwambia mzee kwamba hayo si maneno ya kumwambia mtoto.