Lenzi "yenye roho" ni ipi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Napiga picha za harusi kwa kamera ya fulufremu (yenye sensa kubwa) na lenzi ya kisasa ya milimita 50, f/1.8. Rafiki yangu anataka kuniuzia Helios 44-2 ya zamani. Anasema lenzi yangu ni kavu, yake ina roho. Roho ya lenzi inaonekanaje? Au napigwa fiksi?

JIBU: Salama, mdogo wangu. Si fiksi yote. Ila mtu akiniambia lenzi ina roho, namwomba aninyooshee kidole kwenye picha: wapi? Mara nyingi kidole hakiendi usoni kwa bibi harusi. Kinaenda nyuma yake.

Pale palipo kwenye fokasi, lenzi nzuri ukizifunga tundu la mwanga hadi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua) hufanana kama mapacha. Tabia yake hujitokeza nje ya fokasi, na pia ukilielekea jua.

Hiyo Helios ni ya Kisovieti, milimita 58, f/2, na muundo wake umetokana na lenzi ya Biotar ya kampuni ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani. Msimamishe mtu, nyuma yake kwa mbali kidogo pawe na mwembe unaopenyeza jua, upige kwa f/2. Katikati ya picha kila kitundu cha mwanga ni duara kamili. Sasa tazama pembeni: duara limebanwa, limekuwa kama punje ya lozi, kwa sababu mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kingo za bomba la lenzi. Punje hizo zimejipanga kuizunguka katikati ya picha, ndiyo maana majani yanaonekana yanazunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Hiyo ndiyo roho anayokuuzia. Ifunge hadi f/4, nyingi inatoweka. Na mwenye kamera ya sensa ndogo anazikata pembeni hizo hizo, kwa hiyo roho analipia lakini haondoki nayo dukani.

Halafu kuna ukingo wa yale maduara, ambao wauzaji hawautaji. Ukiwa mkali kama umechorwa kwa kalamu, tawi moja la nyuma huonekana mawili na picha inajaa fujo. Ukififia taratibu, nyuma panalainika. Kisa ni kwamba mwanga unaopita ukingoni mwa kioo hauangukii pale unapoangukia ule wa katikati.

Rangi zisikusumbue, utazirekebisha kwenye kompyuta.

Kabla hujatoa hela, iazime jioni moja na adapta yake ya M42, ile pete ya kuifungia kwenye kamera yako. Mketishe mtu aliyevaa suti nyeusi, tandaza taa za Krismasi kwenye kamba ya nguo mita tano nyuma yake, kamera iwe kwenye traipodi, lenzi zote f/2. Kwa ile ya 50 sogea mbele kidogo ili uso ulingane. Kisha weka taa moja ielekee lenzi, uangalie ile suti: imebaki nyeusi au imegeuka kijivu? Mwisho, mwenzio azipe picha majina A na B, uchague bila kujua. Nilipojaribu hivyo mimi, nilichagua lenzi niliyoisema vibaya mwezi mzima.

Ukiinunua, kumbuka fokasi yake ni ya mkono. Ibaki kwa picha za bustanini. Maharusi wakiingia ukumbini, rudisha ile "kavu".